Fedha ya mwaka wa kwanza: woka, mkeka au yai?

Maduka mengi ya vitu vya watoto Kariakoo huweka woka mlangoni. Ni kile kigari cha plastiki cha duara, chenye magurudumu madogo chini, kiti cha kitambaa katikati na vinanda vinavyowaka taa mbele, ambamo mtoto wa miezi sita au saba hutumbukizwa miguu ikigusa sakafu kwa ncha za vidole. Kwa Dar es Salaam bei yake huanzia kama shilingi 70,000 na hufika 150,000 kwa ile yenye muziki na kivuli. Mzazi akisimama tu kuitazama, ataambiwa kwamba humo ndimo mtoto anapokaza miguu na kwamba atatembea mapema.

Makala hii ni kwa ajili ya mzazi mwenye laki moja au mbili za ziada katika mwaka mzima wa kwanza wa mtoto, baada ya kodi, nauli na chakula cha nyumbani, ambaye anataka fedha hiyo iujenge mwili wa mwanawe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fedha hiyo iende kwanza kwenye chakula cha mtoto na cha mama yake, kisha kwenye mkeka. Woka isinunuliwe kabisa, hata ikipatikana mtumba kwa bei ya kutupa. Bei nitakazozitaja ni makadirio ya masoko ya Dar es Salaam. Mikoani zitapanda au kushuka, lakini uwiano kati ya kitu na kitu ndio wa kuangalia.

Tuanze na woka, kwa kuwa ndiyo inayomeza fedha nyingi kwa mkupuo. Mtoto anayejifunza kutembea anajifunza kubeba uzito wake, kujizuia asianguke, na kuona miguu yake inakanyaga wapi. Woka humwondolea yote matatu. Kiti kinambebea uzito, duara la plastiki linamzuia kuanguka, na sahani ya mbele inamficha miguu yake mwenyewe. Anachobaki nacho ni kusukuma sakafu kwa vidole, na kazi hiyo haijengi misuli ya nyonga na mapaja inayohitajika kusimama. Watafiti wa Ireland waliochapisha matokeo yao mwaka 2002 walikuta kwamba kila jumla ya saa 24 alizokaa mtoto ndani ya woka iliambatana na kuchelewa kutembea kwa siku zipatazo 3. Saa 24 hazichukui muda kutimia: ni saa moja kwa siku, chini ya mwezi mmoja.

Jambo la pili ni hatari. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2014, watoto zaidi ya 230,000 wa chini ya miezi 15 walipelekwa hospitali kwa dharura kutokana na woka. Wengi waliumia kichwa au shingo, na sehemu kubwa waliporomoka kwenye ngazi. Canada ilipiga marufuku kuuza, kuingiza na kutangaza woka mwezi Aprili 2004, na mpaka leo hairuhusiwi hata kuuzwa mtumba. Kwetu ngazi si nyingi, ila kuna jiko la mkaa linalowekwa chini, chupa ya chai kwenye meza fupi, ndoo ya maji ya kuoga, sufuria ya uji inayopoozwa sakafuni, na baraza isiyo na ukuta. Mtoto anayetambaa huvifikia vitu hivyo polepole, na mtu mwenye macho atamwahi. Ndani ya woka anakwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde moja, na mikono yake imeinuliwa mpaka kimo cha kuvuta kitambaa cha meza.

Simlaumu anayeinunua. Mama aliye peke yake na mtoto, mwenye nguo za kufua, sufuria jikoni na mteja dirishani, anahitaji mahali pa kumweka mtoto ili mikono yake iwe huru. Hilo ndilo hitaji la kweli ambalo woka hulijibu vibaya, na kitu kingine kinaweza kulijibu vizuri kwa fedha ileile au pungufu. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza uzio wa fito wa miraba minne, kimo cha kifua cha mtoto aliyesimama, usio na chini, unaowekwa juu ya mkeka. Mwambie nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6 ili kichwa kisipenye, misumari izamishwe, mbao zipigwe msasa na zisipakwe rangi, kwa kuwa mtoto atazitafuna. Ndani ya uzio huo mtoto hujigeuza, husota, hutambaa, na siku moja hushika fito na kusimama dede kwa nguvu zake. Uzio huo pia utamfaa mdogo wake, na mtoto wa jirani. Akishaweza kusimama na kutaka kusukuma vitu, kigari cha mbao cha kusukuma kwa nyuma, ambacho fundi huyohuyo hukitengeneza kwa bei ndogo, humfaa kwa sababu hapo miguu ndiyo inayobeba mwili. Kitie mfuko wa mchanga juu ili kisimkimbie. Stuli ya plastiki iliyopinduliwa hufanya kazi hiyohiyo bure.

Kwa umuhimu wake, mkeka ulistahili kutangulia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mwendo na usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja linataka achezeshwe sakafuni mara kadhaa kwa siku, na ambaye bado hajaanza kujisogeza alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya angalau nusu saa iliyogawanywa kutwa nzima. Limesema pia mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mkupuo, iwe kwenye kiti, kigari au mgongoni, na asioneshwe skrini kabisa. Hakuna katika hayo kinachonunuliwa dukani.

Kifudifudi kina sababu yake. Mtoto analala chali, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kulala chali kumepunguza sana vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Lakini anayelala chali usiku na kukaa chali mchana hakazi shingo upesi, na kisogo chake huweza kubonyea. Akilazwa kifudifudi akiwa macho, atanyanyua kichwa, kisha kifua, kisha atasukuma kwa viganja, na kazi hiyo ya mabega ndiyo itakayomwezesha kujipindua, kukaa na kutambaa. Wiki za mwanzo mlaze hivyo kifuani kwako, ngozi kwa ngozi. Baadaye mlaze mkekani kila unapombadilisha nepi, dakika mbili tatu, kabla ya kunyonya wala si baada yake. Akilia, mgeuze umpumzishe, kisha umrudishe baadaye. Ukijilaza chini uso kwa uso naye, atavumilia zaidi kuliko ukimwekea mdoli wa elfu ishirini.

Kuhusu mkeka wenyewe, uchaguzi si mgumu. Mkeka wa plastiki wa shilingi 10,000 hivi hufutika kwa urahisi, ila huteleza kwenye vigae, na mtoto anayejaribu kutambaa huvunjika moyo magoti yakimpotea. Mkeka wa ukindu hushika vizuri zaidi lakini haupendi kulowa. Zulia la vipande vya povu, kati ya 25,000 na 50,000, hupunguza kishindo cha kuanguka na ndilo ningelinunua nyumba ikiwa ya sakafu ya vigae, kwa sharti kwamba halina herufi na namba zinazochomoka, kwa kuwa vipande vile huingia mdomoni na kukaba. Mwenye blanketi nzito na mkeka wa kawaida juu yake hana haja ya zulia. Wapo wanaohofia sakafu kwamba itamletea mtoto baridi ya kifua. Homa ya mapafu huletwa na vijidudu. Kinachomlinda ni chanjo, maziwa ya mama, mikono safi, na kumtenga na moshi wa mkaa na kuni.

Wazee wetu waliyajua haya. Mtafiti Charles Super aliishi na familia za Wakipsigis katika jamii ya Kokwet, magharibi mwa Kenya, akachapisha matokeo yake mwaka 1976. Watoto wale walikaa na kutembea takribani mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Hakukuwa na siri ya damu: mama zao waliwafundisha kukaa kwa kuwaweka kwenye shimo dogo la ardhini lililozungushiwa nguo, waliwachezesha wakisimamishwa mapajani, na waliwashika mikono wakiwatembeza. Katika kutambaa, jambo ambalo hawakufundishwa kwa bidii, hawakuwatangulia wenzao. Mwili wa mtoto hufuata kile anachopewa nafasi ya kukirudia.

Ndiyo maana siwezi kupendekeza kile kiti cha sponji cha kumkalisha mtoto wa miezi minne, kinachouzwa 40,000 na zaidi. Kinambana nyonga ili asianguke, na hivyo misuli ya kiuno haina la kufanya. Aina moja maarufu ya viti hivyo, kutoka Afrika Kusini, ilirudishwa kwa matengenezo nchini Marekani mwaka 2012, viti takribani milioni 4, baada ya watoto kuanguka navyo kutoka juu ya meza na kuvunjika fuvu. Beseni pana lililozungushiwa kanga kiunoni mwa mtoto, likiwa sakafuni na mtu akiwa karibu, hutosha kwa dakika chache za mazoezi.

Vitu vingi vya kumharakisha mtoto hununuliwa kwa sababu ya mtoto wa jirani. Wa kwao kasimama na miezi tisa, wa kwetu bado anasota, basi twende Kariakoo. Kabla ya kwenda, angalia takwimu hizi, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizichapisha mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Marekani na Oman. Kukaa bila kushikiliwa kulianza kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya 5.2 na 13.5. Kusimama bila kushika kitu, kati ya 6.9 na 16.9. Kutembea peke yake, kati ya 8.2 na 17.6. Na takribani watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walisota au wakajiburuta kwa tumbo, kisha wakasimama. Anayetembea na miezi tisa na anayetembea na miezi kumi na sita wote wako ndani ya mipaka. Miezi saba kati yao haihitaji kifaa.

Mgongoni, kanga inashinda. Doti ya kanga ya 10,000 au zaidi kidogo hupata mbeleko mbili. Mbebeo wa dukani wenye mikanda huanzia 30,000, na kigari cha kusukumwa kinaweza kupita laki mbili huku mitaa yetu mingi ikiwa ya mchanga na mifereji. Kanga humkalisha mtoto akiwa amepanua mapaja kuukumbatia mwili wa mama, na mkao huo ndio unaofaa kwa nyonga inayokua. Blantyre, Malawi, madaktari wa mifupa walipitia kumbukumbu za zaidi ya watoto 40,000 wa kliniki zao na hawakukuta hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga isiyokaa vizuri kwenye kikombe chake, tatizo linalosumbua zaidi jamii zinazomfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa. Walidhani ubebaji wa mgongoni una mchango. Ukinunua mbebeo, chagua wenye kitako kipana kinachofika magotini, usiomwacha mtoto akining'inia kwa uti wa mgongo miguu ikilegea. Mchanga ambaye hajakaza shingo abebwe mbele, uso ukionekana, kidevu kisizame kifuani. Na hata kanga ina mpaka wake: ile saa moja. Mtoto anayeshinda mgongoni sokoni kutwa nzima anahitaji kushushwa, na mfanyabiashara mwenye kipande cha mkeka chini ya meza yake ameshamaliza tatizo hilo.

Viatu vya kulia kwi-kwi havimsaidii kutembea. Ndani ya nyumba peku ni bora, kwa kuwa unyayo husoma sakafu na vidole hushika. Nunua kiatu laini siku atakapotembea nje penye mawe, si kabla. Pampasi nayo ilichunguzwa: watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walionesha mwaka 2012 kwamba watoto wanaoanza kutembea hupiga hatua mbovu zaidi na kuanguka mara nyingi wakiwa wamevaa nepi kuliko wakiwa uchi. Muda wa kukaa bila pampasi kila siku ni mazoezi, na ni akiba.

Sasa chakula, ambako fedha hupotea kwa wingi na ambako shilingi iliyowekwa vizuri huonekana mwilini. Mtoto huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili anapofika kama miezi mitano, na mara tatu anapotimiza mwaka. Hakuna mwaka mwingine wa maisha yake atakaokua kwa kasi hiyo. Misuli ya kukaa na kusimama haijengwi na mazoezi peke yake kama hakuna cha kuijengea.

Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, bila maji. Wengi huyachukulia kuwa ya bure, lakini mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya kama kalori 500 kwa siku, sawa na sahani nyingine ya ugali na maharage yenye mafuta kidogo na tunda. Tukadirie shilingi 1,500 hadi 2,000 kwa siku, yaani 45,000 hadi 60,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo gharama halisi ya maziwa ya mama, na ni mama anayepaswa kuila. Akinyimwa yeye, mwili wake hujikamua ili mtoto apate.

Linganisha na kopo. Kopo la gramu 400 la maziwa ya watoto wachanga lina bei ya karibu 30,000 na hutoa takribani lita tatu. Mtoto wa miezi mitatu hunywa kama mililita 800 kwa siku, kwa hiyo kopo halimalizi siku nne. Kwa mwezi ni makopo manane, shilingi 240,000, mbali na mkaa au gesi ya kuchemshia maji na vyombo. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 tangu Julai 2025. Karibu nusu ya mshahara huo inaingia kwenye chupa. Hapo ndipo hatari huanza: fedha ikipungua, kijiko cha unga hupunguzwa na maji huongezwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto hujaa tumbo bila kukua. Wapo mama wasioweza kunyonyesha kwa sababu za kweli za kiafya, na hao wasione haya. Wapange bajeti ya makopo yote manane, wapime kijiko kama kopo linavyoagiza, na watumie kikombe safi badala ya chuchu. Lakini mama anayeacha kunyonyesha kwa sababu tu likizo imekwisha ana njia nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi kwa mtoto mmoja, na akirudi kazini inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Asiyeweza kurudi nyumbani akamue. Kukamua kwa mkono hakugharimu kitu na mhudumu wa kliniki atamfundisha; pampu ya mkono ya kama 30,000 hujilipa kwa kopo moja. Katika joto la Dar es Salaam maziwa hayo yatunzwe kwenye kiboksi chenye barafu, na kwenye friji yatumike ndani ya siku nne.

Mtoto akitimiza miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inakwisha, na maziwa peke yake hayatoshi tena. Hapa ndipo kosa kubwa la nyumba zetu lilipo: uji mwembamba. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji wa kunywewa kwa kikombe hulijaza maji. Kati ya miezi sita na minane anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, na kama 300 kati ya tisa na kumi na moja, juu ya maziwa ya mama. Uji uwe mzito usiomwagika ukiinamisha kijiko, na ndani yake kiwemo kitu cha kujenga mwili.

Yai moja ni shilingi 400 hivi. Yai kila siku kwa mwezi ni 12,000, na kwa miezi sita kuanzia wa saba hadi wa kumi na mbili ni 72,000. Hiyo ndiyo bei ya woka ya chini kabisa. Nchini Ecuador, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa watoto kuanzia miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa nusu mwaka, na udumavu ukapungua kwa asilimia 47 ukilinganishwa na wenzao. Utafiti wa namna hiyo uliporudiwa wilaya ya Mangochi, Malawi, haukuonesha tofauti hiyo ya kimo. Mangochi iko kando ya Ziwa Nyasa, na watoto wengi wa kule tayari walikuwa wakila samaki. Kwangu mimi tofauti hiyo ina faida kwa mnunuzi: asiye na yai ana dagaa. Kilo ya dagaa wasio na chumvi, hata kwa 12,000, ukitoa vichwa, ukawaosha, ukawakausha kikaangoni na kuwatwanga, hutoa unga wa kijiko kimoja kikubwa kwa siku kwa miezi miwili na zaidi. Wana protini, na mifupa yao midogo ni kalsiamu tupu. Kwa madini ya chuma, kipande cha ini, la ng'ombe au la kuku, mara moja kwa wiki, kikipondwa vizuri, hakina mpinzani kwa bei hiyo.

Nafaka za kopo za watoto, kati ya 18,000 na 25,000 kwa gramu 400, huongezewa chuma na vitamini na hazina ubaya. Tatizo ni kwamba kwa milo miwili kwa siku kopo huisha siku ya nne. Unga wa lishe wa mifuko, 4,000 hadi 7,000 kwa kilo, ni nafuu sana, lakini uchunguze. Mchanganyiko wa nafaka sita au saba, soya na karanga hausagiki kwa usawa, huiva kwa nyakati tofauti, na ukikaa muda mrefu karanga na mahindi huweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na hata ile kidogo isiyoua inahusishwa na udumavu. Ningenunua ulezi au sembe safi kidogokidogo, nikauhifadhi pakavu, na karanga nikazichambua mwenyewe, nikatupa zilizosinyaa na zenye rangi ya ukungu, kisha nikazisaga za wiki moja tu.

Kuna pia vya kuacha, ambavyo ni akiba. Chai, hata ya maziwa, huzuia mwili wa mtoto kupokea chuma. Asali isiguswe kabla ya mwaka mmoja kwa sababu ya sumu ya bakteria inayoweza kumlegeza mwili. Juisi za pakiti na biskuti za kumtuliza humwondolea njaa ya chakula cha kweli.

Mwenye shamba asidhani haya hayamhusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Iringa, mkoa wenye mahindi tele, ulikuwa umepita nusu. Ghala lililojaa halitoshi kama chungu cha mtoto hakina yai, dagaa, maharage wala mboga.

Huduma yenye thamani kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa haiuzwi: kliniki ya mtoto. Chanjo katika vituo vya serikali ni bure, mtoto hupimwa uzito, na kuanzia miezi sita hupewa matone ya vitamini A. Wazazi wengi huhudhuria mpaka chanjo ya miezi tisa, kisha huacha. Endelea kwenda, na kila mara mwombe mhudumu akuoneshe mstari wa kadi unaelekea wapi. Mstari uliolala kwa miezi miwili ni taarifa ya mapema kuliko jicho la jirani yeyote.

Na kama mtoto hajakaza shingo akiwa na miezi minne, kama hakai peke yake baada ya miezi tisa, kama mwili wake umekakamaa au umelegea kama kitambaa, kama anatumia mkono mmoja tu, au kama ameacha jambo alilokuwa akiliweza, peleka laki hiyo kwenye nauli na daktari. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kwa ndani, ambao wengi huuita mguu kifundo: akianza matibabu wiki za mwanzo, hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu vya usiku, katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam; akicheleweshwa miaka, huenda akahitaji upasuaji mkubwa. Usimkande kwa mafuta ukingoja ajinyooshe, wala usikubali kuambiwa kwamba ni wa ukoo wenu kuchelewa. Mpeleke wiki hii.